Jinsi ya kujenga tovuti ya ukurasa mmoja inayouza asali

Mtu anapofungua linki yako kutoka kwenye status ya WhatsApp au Instagram, anakuja na mashaka matatu, na kwa kawaida yanafuatana hivi: hii asali ni ya kweli au ni sukari iliyochemshwa? Nikituma pesa, mzigo utafika? Na jumla, pamoja na usafiri, nitatoa shilingi ngapi? Tovuti inayouza ni ile inayomaliza mashaka hayo kabla mteja hajachoka kushusha skrini. Nembo inayozunguka na maneno kama "ubora wa kimataifa" havijibu hata swali moja kati ya hayo.

Mwongozo huu unamfuata mfanyabiashara wa mfano: anachukua asali ya misitu ya miombo ya Tabora, anaifungasha Dar es Salaam, na kuiuza mjini na mikoani. Tumechagua asali kwa sababu ni bidhaa ambayo watu wengi wameshauziwa feki, kwa hiyo kazi ya kumshawishi mteja inaonekana wazi. Anayeuza viatu vya ngozi au unga wa lishe atapita hatua hizihizi. Kinachobadilika ni hofu ya mteja. Unahitaji simu yenye kamera ya wastani, kompyuta ya kuazima kwa siku mbili tatu, daftari, na ada ya mwaka ya jina la tovuti. Mahali pa kuihifadhi panapatikana bure.

Hatua ya 1: Anza na maswali ya wateja, rangi baadaye

Fungua WhatsApp yako na usome mazungumzo 30 ya mwisho na wateja, hasa ya wale waliouliza kisha wakapotea. Nakili maswali yao kama walivyoyaandika: "Hii ni og?", "Lita bei gani?", "Mpo wapi?", "Mbona imeganda?", "Mnatuma Mbeya?", "Mtoto wa miezi minane naweza kumpa?" Swali likijirudia, liwekee mstari pembeni. Ukimaliza, maswali matano au sita yatakuwa yamebeba mistari mingi kuliko mengine yote, na hayo ndiyo mifupa ya ukurasa wako.

Andika pia mazungumzo yalikatikia wapi. Yakikatika baada ya kutaja bei, mteja hakuona kwa nini asali yako izidi ya barabarani. Yakikatika baada ya kusema "tuma pesa kwanza", hakukuamini. Yakikatika baada ya kutaja nauli ya boda, alishtuka. Kila tatizo lina dawa yake mahali pake kwenye ukurasa, na ukitumia dawa moja kwa yote, kwa mfano kushusha bei, utapoteza faida bila kuongeza mauzo.

Kama hujapata wateja bado, soma maoni ya watu chini ya picha za wauzaji wengine wa asali. Watu huuliza wazi kabisa huko.

Hatua ya 2: Bidhaa moja, tendo moja

Ukurasa wa kwanza uuze asali tu, kwa vipimo vitatu, na umwombe mgeni afanye jambo moja: kugusa kitufe cha kuagiza. Usiweke menyu ya juu yenye "Nyumbani, Kuhusu Sisi, Huduma, Habari, Mawasiliano". Kila neno pale ni mlango wa kutokea. Usiweke pia linki ya Instagram juu ya ukurasa, maana mgeni umemtoa huko, na sasa unamrudisha kwenye video za watu wengine.

Amua vipimo na bei mapema, na hapa muuza asali ana mtego wake. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Mteja aliyezoea kununua kwa kilo akiona bei yako ya lita atadhani unamwibia, na aliyezoea lita akipokea kilo atasema umempunja. Andika vyote viwili kila mahali: "Nusu lita, gramu 700: Sh 12,000. Lita 1, kilo 1.4: Sh 22,000. Chupa tatu za nusu lita: Sh 33,000." Bei hizi ni za mfano, lakini uone zinavyofanya kazi: anayechukua zaidi anapata nafuu inayoonekana kwa macho, na hakuna anayelazimika kupiga hesabu.

Bei iwe wazi. Mtindo wa "bei njoo inbox" unafukuza wateja wazuri. Anayesoma hivyo anafikiri ama bei ni kubwa mno, ama kila mtu anatajiwa bei kwa kuangaliwa sura. Wachache wakikuuliza, utatumia saa nzima kujibu swali ambalo mstari mmoja ungelimaliza.

Hatua ya 3: Piga picha tano

Piga asubuhi, saa mbili hadi saa nne, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa za ndani, maana mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha asali inakuwa na rangi ya chai. Tandika kitambaa cheupe kisicho na maua. Futa kioo cha kamera kwa shati la pamba kabla ya kupiga. Picha nyingi zenye ukungu zina tatizo hilo tu.

Ya kwanza iwe chupa ikiwa mkononi mwa mtu, ili mteja aone ukubwa wake. Ya pili, lebo kwa karibu, uzito ukisomeka. Ya tatu, asali ikimiminika kutoka kwenye kijiko huku dirisha likiwa nyuma yake, ili mwanga upite ndani. Ya nne, mzigo uliofungwa tayari kusafirishwa. Watu wengi huisahau hii, na ndiyo inayomtuliza mteja wa Songea au Bukoba. Ya tano, mizinga au mfugaji anayekuuzia, kwa ridhaa yake. Usichukue picha ya nyuki mtandaoni: mteja akiiona kwa muuzaji mwingine, ataacha kuamini hata picha zako za kweli.

Picha ya simu inaweza kuwa na MB 3 hadi 5. Ukiweka tano kama zilivyo, mgeni atatumia MB 15 au zaidi za bando lake kabla hajasoma neno, na wengi watafunga. Fungua squoosh.app kwenye kivinjari, ni bure, weka picha, punguza upana uwe pikseli 1,200, chagua mfumo wa WebP na ubora wa 75. Kila picha inatakiwa ishuke chini ya KB 150. Ikigoma, punguza upana hadi 1,000. Lengo ni ukurasa mzima usizidi MB 1.

Hatua ya 4: Maneno

Hapa ndipo mauzo yanapopatikana au kupotea, kwa hiyo hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote. Tenga siku nzima.

Kichwa cha habari kiseme ni nini, kimetoka wapi, na mteja ataondokana na hofu gani. "Karibu kwenye tovuti yetu" hakisemi lolote. Linganisha na hiki: "Asali ya Tabora isiyochanganywa na sukari. Dar lipa ukipokea." Maneno tisa, na mashaka mawili kati ya matatu yameguswa. Chini yake weka sentensi moja ya maelezo: "Inavunwa na wafugaji wa Sikonge, inachujwa bila kupikwa, inafungwa kwenye chupa yenye sili." Kama asali yako haitoki Sikonge, usiandike Sikonge. Andika kijiji au wilaya halisi, kwa sababu jina la mahali mahususi linaaminika kuliko "kutoka misituni", na mteja mwenyeji wa huko atakuuliza.

Baada ya bei, ingia kwenye swali la ukweli wa asali. Usiseme tu "asali yetu ni halisi asilimia mia". Hata muuza feki anaandika hivyo. Toa kitu kinachoweza kukaguliwa. Chombo kidogo kiitwacho refraktomita hupima maji yaliyomo kwenye asali kwa tone moja, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka kwa kawaida yasizidi asilimia 20. Pima kila pipa, piga picha ya kipimo, na uandike namba ya pipa kwenye lebo na tarehe ya kufungasha. Eleza pia kwa ukweli kwamba kipimo hicho kinaonyesha asali haikuvunwa mbichi na haitachacha upesi. Peke yake hakithibitishi kwamba hakuna sukari. Kama umewahi kupeleka sampuli maabara, weka picha ya cheti chenyewe, tarehe ikionekana.

Kisha zungumzia vipimo vya mtaani, maana mteja atavitumia akishafika nyumbani. Kuna wanaochovya kijiti cha kiberiti kwenye asali na kukiwasha, wanaodondosha tone kwenye maji, na wanaoangalia kama sisimizi wanakuja. Kiberiti kinaathiriwa na unyevu, na sharubati nzito ya sukari nayo inapita. Tone la sharubati nzito pia huzama. Sisimizi hupenda asali ya kweli kama wanavyopenda sukari. Mteja asipoelezwa haya mapema, siku moja sisimizi watapanda kwenye chupa yake na ataandika mtandaoni kwamba wewe ni tapeli.

Kuganda ni hivyohivyo. Asali ya kweli huganda: sukari aina ya glukosi hujitenga na kuwa chembechembe, na baridi huharakisha. Chupa iliyokaa kimiminika Dar inaweza kuganda Njombe mwezi wa Julai. Andika: "Ikiganda haijaharibika. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yasiyounguza mkono, ukiyabadilisha yakipoa, mpaka ilainike. Usiichemshe." Aya hii fupi inazuia malalamiko, na papo hapo inaonyesha kwamba unaijua asali. Mteja hununua kwa mtu anayejua.

Sasa madai ya tiba. Kishawishi ni kikubwa: andika inatibu vidonda vya tumbo, kisukari, presha, nguvu za kiume, na simu itaita. Usifanye hivyo. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na mgonjwa wa kisukari akikuamini anaweza kuumia vibaya. Tena kutangaza chakula kama dawa kunakuweka pabaya na mamlaka zinazosimamia dawa. Badala yake weka tahadhari mbili waziwazi: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha sumu ya botulizimu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuizuia, na mwenye kisukari aulize daktari kwanza. Muuzaji anayemwambia mteja "wewe usinunue" anaaminika anapomwambia mwingine "nunua".

Ushuhuda wa wateja unafaa ukiwa wa kweli na mahususi. "Asante, nzuri sana" hausaidii kitu. "Nimepokea Dodoma leo saa nne, chupa zote nzima" unajibu hofu ya usafiri. Omba ruhusa, ficha namba ya simu na picha ya mteja, weka jina la kwanza na mji. Shuhuda tatu zinatosha. Usitunge hata mmoja. Usiweke pia saa ya kuhesabu kurudi nyuma inayojianzisha upya kila ukurasa unapofunguliwa, wala "zimebaki chupa 3" wakati stoo imejaa. Mteja akirudi kesho akakuta bado zimebaki 3, atahesabu na mengine yote kuwa uongo.

Malizia na ahadi ya kurudisha, iliyoandikwa kwa masharti yanayopimika: "Chupa ikifika imepasuka au imevuja, tuma picha siku hiyohiyo. Tunakutumia nyingine au tunarudisha pesa yako ndani ya saa 24." Ahadi isiyo na muda haimtulizi mtu.

Hatua ya 5: Mpangilio kwenye skrini ya simu

Buni kwa skrini ya simu ya kawaida yenye upana wa pikseli 360, kwa sababu huko ndiko wengi watakapokusoma. Kompyuta itajipanga yenyewe. Kabla mgeni hajashusha kidole aone vitu vinne: kichwa cha habari, picha ya chupa mkononi, bei ya kuanzia, na kitufe. Chini yake zifuate bei zote, ukweli wa asali, usafiri na malipo, ushuhuda, maswali na majibu, mahali ulipo, kisha kitufe tena.

Herufi za maandishi ziwe pikseli 17 au 18, aya zisizidi mistari mitano kwenye simu, na maandishi meusi juu ya rangi nyepesi. Rangi ya asali kwenye maandishi juu ya nyeupe haisomeki juani. Itumie kwenye mistari na pembezoni tu. Kitufe kiwe na urefu usiopungua pikseli 48 ili kidole gumba kisikikose, na kibaki kimeganda chini ya skrini mtu anaposhuka. Juu yake andika kitakachotokea: "Agiza kwa WhatsApp", wala si "Wasilisha" au "Bonyeza hapa".

Hatua ya 6: Jina na mahali pa kuhifadhi

Jina liwe fupi, litamkike kwenye simu bila kutajiwa herufi. Mwite rafiki, mtamkie mara moja, mwambie aliandike. Akikosea, badilisha. Kwa biashara ya Tanzania chukua .co.tz, kwa Kenya .co.ke, yote huuzwa na mawakala waliosajiliwa. Jambo moja lisilojadiliwa: sajili kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako. Fundi akisajili kwa jina lake, siku mkigombana au akipoteza simu, biashara imeondoka naye. Weka kikumbusho mwezi mmoja kabla ya ada ya mwaka kuisha, kwa sababu jina lililoisha muda linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa ukurasa mmoja usiobadilika kila saa, huhitaji WordPress, ule mfumo wa kuendesha tovuti kubwa. Faili moja la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, na folda ya picha vinatosha, na Cloudflare Pages au Netlify zitauhifadhi bure pamoja na kufuli la usalama, ile https bila ambayo kivinjari humwonya mgeni kwamba tovuti si salama. WordPress pamoja na WooCommerce, nyongeza yake ya duka, vifikirie ukiwa na bidhaa nyingi na mtu wa kuzisasisha. Vikiachwa miezi bila kusasishwa, vinaweza kudukuliwa.

Juu kabisa ya faili lako pawe na mistari hii:

<html lang="sw">
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Mstari wa tatu ukisahaulika, simu itaonyesha ukurasa mzima ukiwa umesinyaa, na mgeni atalazimika kuvuta kwa vidole viwili. Ongeza pia og:title, og:description na og:image, ambazo huipa WhatsApp picha na maneno ya kuonyesha linki inapotumwa. Picha hiyo iwe pikseli 1,200 kwa 630 na isizidi KB 300, la sivyo huenda isitokee. Ukiibadilisha, WhatsApp inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani. Tuma linki ikiwa na ?v=2 mwishoni, itasoma upya.

Hatua ya 7: Kitufe cha WhatsApp

Linki ya kitufe inaandikwa hivi:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naomba%20asali%20lita%201.%0AJina%3A%0AEneo%3A

Namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Ukiandika 25507 kitufe kitafunguka na kusema namba haipo, na hutajua kwa sababu hakuna mteja atakayekuambia. Nafasi kati ya maneno ni %20, na mstari mpya ni %0A. Kila kipimo kiwe na kitufe chake chenye ujumbe wake, ili oda ifike ikiwa tayari imetaja lita 1 au nusu lita.

Chini ya kitufe andika namba ya simu kama linki ya kupiga, kwa kutumia tel: mwanzoni. Wapo wanaopenda kusikia sauti kabla ya kutoa pesa, na wakati mwingine kivinjari cha ndani ya Instagram kinakataa kufungua WhatsApp.

Tumia WhatsApp Business. Tayarisha majibu ya haraka kwa usafiri, malipo na anwani, na ujumbe wa usiku unaotaja saa utakayorudi. Mtu aliyegusa kitufe saa mbili usiku akijibiwa kesho mchana, ameshanunua kwingine.

Hatua ya 8: Malipo na usafiri

Mwanzoni huhitaji mfumo wa malipo wa kujiendesha. Chukua lipa namba ya biashara kutoka M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na uandike kwenye ukurasa namba hiyo pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri. Jina la kwenye ukurasa na lile la kwenye simu yakitofautiana, mteja ataghairi muamala hapohapo, na yuko sahihi. Kwa hiyo sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na lipa namba iwe na jina hilohilo lililo kwenye tovuti na kwenye chupa. Kwa wateja wa Kenya weka Till, yaani namba ya kulipia biashara kwa M-Pesa, wamezoea hiyo.

Upande wako, thibitisha kila malipo kwa kuangalia salio au orodha ya miamala kwenye akaunti yako. Ujumbe wa SMS na picha ya skrini vinaghushiwa kila siku.

Usafiri uandike kwa majina ya maeneo na bei, kwa mfano: "Kariakoo, Ilala, Sinza, Mwenge: Sh 4,000. Tegeta, Mbagala, Kigamboni: Sh 7,000. Mikoani kwa basi: Sh 8,000." Kisha toa jumla moja iliyopigwa hesabu tayari: "Lita 1 ukiwa Sinza, jumla Sh 26,000." Mteja akiona jumla hiyo, swali lake la tatu limeisha.

Kwa Dar, lipa ukipokea inawezekana kama boda wako ni wa kuaminika. Oda za utani zitakuwepo. Zipunguze kwa kupiga simu kabla boda hajaondoka. Mikoani mteja atatangulia kulipa, kwa hiyo mwambie kwenye ukurasa atakachopata baada ya kutuma pesa: picha ya mzigo wenye jina lake, risiti ya basi, na namba ya ofisi ya basi anakopokelea. Asali huvuja njiani chupa ikilazwa na kifuniko kikalegea, kwa hiyo weka sili ya ndani, zungushia selotepu, simamisha chupa kwenye boksi lenye magazeti yaliyokunjwa, na chora mshale wa juu pande zote nne.

Omba jina, simu na eneo tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Daftari la wateja usimwonyeshe mtu, wala usiwaunganishe kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza.

Hatua ya 9: Jaribu na watu watano

Tafuta watu watano wasiojua biashara yako, angalau wawili wenye simu za bei ndogo. Wape linki, zima Wi-Fi, na uwaambie: "Agiza nusu lita ifike Mbagala, niambie utalipa jumla ngapi." Baada ya hapo kaa kimya. Kishawishi cha kuwaelekeza kitakuwa kikali, lakini mteja wa kweli hatakuwa na wewe pembeni. Andika kila mahali walipokwama. Wawili wakikwama sehemu moja, irekebishe kabla hujatumia hata shilingi kwenye matangazo.

Pitisha pia ukurasa kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, upande wa simu. Usihangaike kupata alama 100. Tafuta picha nzito na fonti zisizo za lazima. Fonti iliyomo kwenye simu ya mteja haina gharama, iliyobaki lazima ipakuliwe.

Hatua ya 10: Hesabu kila wiki

Washa kipimo cha wageni, kwa mfano Cloudflare Web Analytics isiyohitaji vidakuzi (cookies), vile vifaili vya kumfuatilia mgeni. Kila Jumapili andika namba tatu: walioingia, waliokutumia ujumbe, na waliolipa. Tuseme ni 200, 9 na 4. Wageni 191 hawakusema neno, kwa hiyo tatizo liko kwenye ukurasa au kwa aina ya watu unaowaleta. Zikiwa 200, 30 na 4, ukurasa unafanya kazi yake. Anayepoteza wateja ni anayejibu ujumbe, au nauli.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uanze na kichwa cha habari, picha ya kwanza na namna bei ilivyoandikwa, kwa sababu ndivyo vinavyoonwa na kila mgeni. Wageni 30 hawatoshi kukupa jibu. Subiri mia kadhaa. Wiki ya mishahara usiilinganishe na ya katikati ya mwezi.

Asali ikiisha stoo, usifute ukurasa wala usiendelee kupokea pesa. Badilisha kitufe kisomeke "Nijulishe ikifika" na ujumbe wake useme "Naomba nijulishwe asali ya Tabora ikipatikana, lita 1." Waliojiandikisha hapo waandikie mmojammoja kabla ya kutangaza kwenye status, na uwawekee chupa zao pembeni kwa saa 48.